Nyumba Iliyokuja kwa Kontena

Siku tulipofungua kontena la kwanza la ile nyumba ya mbao kutoka Ulaya, dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti kuhusu nyumba ya wazazi wetu. Simu ilitikisika mfukoni nikiwa nimeshika gogo kwa upande mmoja, mwenzangu kashika upande wa pili, na sikuweza kuitoa mpaka tulipolitua. Jasho lilikuwa limeniingia machoni. Nikaegemea ukuta wa bati, nikajuta kwa sababu bati liliniunguza, kisha nikasikiliza.

"Mdogo wangu, hujambo. Nyumba imeinama. Upande wa jikoni bado umesimama, ila chumba cha baba kimelala kabisa. Mvua za mwaka huu hazitaiacha. Nataka kuibomoa kabla haijaniangukia mimi au mbuzi. Sasa unajua mwenyewe utaratibu wa kwetu. Nasubiri neno lako."

Utaratibu niliujua. Kwetu, huko nyanda za juu ambako asubuhi za Julai majani huamka meupe kwa baridi, wakubwa huoa na kujenga kwao, na nyumba ya wazazi humbakia kitindamimba. Kitindamimba ndiye mimi. Hata nikiwa sijaikanyaga kwa miaka, hata nikiwa mwizi au kichaa, hakuna mwenye ruhusa ya kung'oa ubao mmoja mpaka niseme kwa mdomo wangu, na mtu wa upande wa baba awe anasikia. Ujumbe wa sauti hautoshi. Inatakiwa sauti iliyo hai, inayoweza kuulizwa swali ikajibu.

Nikamwandikia: "Nimesikia dada. Tutaongea." Nikarudi kwenye gogo.

Dada anaishi hatua chache kutoka kwenye nyumba hiyo, katika kijumba cha matofali ambacho marehemu mume wake hakukimalizia. Yeye ndiye aliyemuuguza mama. Tangu mama afe, amekuwa mlinzi wa nyumba isiyokuwa yake, anafukuza watoto wasicheze chini ya kuta zake na anaomba upepo uwe mpole. Mimi nilikuwa Jebel Ali, bandarini huku Arabuni, ndani ya ghala, napokea nyumba ya watu wengine.

Niliacha shule kabla sijamaliza ya msingi. Baba alikuwa mpasua mbao, wa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo chini yake, na alitaka mtu wa shimoni. Nikala vumbi la mbao mpaka nikachoka, nikaondoka. Tangu hapo nimepita Makambako, Tunduma, Mombasa, na kazi ambazo nikizitaja zote mtu atadhani nasimulia habari za watu kadhaa. Sijawahi kukaa mahali nikaota mizizi. Kilichonishika muda wote ni kuuliza tu. Nikiona kitu nataka kujua kimetoka wapi, nani alikitengeneza, kwa nini kiko hivi na si vile. Katika kazi za vibarua tabia hii haipendwi. Msimamizi wetu alikuwa na jibu moja kwa maswali yangu yote: "Yalla, yalla," yaani fanya haraka.

Lakini nyumba hii ilinishinda. Nani asafirishe nyumba? Ilikuja ikiwa imefunguliwa vipande vipande, magogo yaliyochongwa pande nne, meusi kwa uzee, kila moja limepigiliwa kibati chenye namba. Ukiacha vibati hivyo, hayakuwa na tundu la msumari. Ncha zake zilikatwa mikato ya kupishana, gogo linalalia gogo kwenye kona kama vidole vya mikono miwili, na uzito wenyewe ndio unaoshika. Ilitakiwa isimame kwanza pale ghalani, ikaguliwe, ifunguliwe tena, halafu ipelekwe hoteli moja mjini ikasimamishwe ndani ya ukumbi. Iwe mkahawa. Watu wakale jibini ya kuyeyushwa ndani ya nyumba ya baridi, nje kukiwa na jua linaloweza kukaanga yai.

"Jirani," alisema mwenzangu, "hawa watu pesa imewachokesha."

Mwenzangu alikuwa Mkenya wa Murang'a, na tuliitana jirani kwa sababu kila mmoja aliona nchi ya mwenzake kama nyumba ya pili mtaani. Alipenda kunichokoza. "Nyinyi Wabongo mnaongea Kiswahili hadi kazi inaisha. Uliza gogo limezaliwa wapi, uliza baba yake, uliza kabila. Likikuangukia mguu utaliuliza?"

Pamoja na nyumba alikuja fundi wake, mzee wa huko huko milima ya Alpi, mrefu, mgongo umeanza kupinda, uso mwekundu ambao kila siku ulizidi kuwa mwekundu. Wengine walimwita sir. Yeye hakupenda, na wala hakuwa na nguvu ya kuwakataza. Alikaa kwenye kigoda chake chini ya feni kubwa, akanywa maji, akasema kila gogo liende wapi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko wengine.

Wakati wa chakula nilikaa karibu naye, nikamuuliza. Alinijibu bila haraka, huku akitazama mkate wake.

Nyumba, alisema, ilijengwa na watu wa mama yake. Chini walilala ng'ombe, juu walilala watu, na joto la ng'ombe lilipanda kupitia sakafu likawapasha wenyewe wakati theluji imefunga mlango. Baadaye barabara ikafika bondeni na watu wakaifuata. Nyumba ikawa ya kiangazi tu, ya wachungaji. Kisha ikawa ya kuwekea nyasi kavu za mifugo. Kisha mifugo yenyewe ikapungua, binamu mmoja akaweka humo mbao za watalii za kutelezea kwenye theluji, wakati mwingine akawalaza watalii wenyewe kwenye nyasi na kuwaambia hiyo ndiyo mila. Walipotaka bafu na madirisha makubwa, wakahamia kwingine. Ikabaki na popo.

"Halafu?"

"Halafu mbao za zamani zikawa ghali," alisema. "Sasa wananunua uzee."

Kulikuwa na jambo la mawe. Nyumba ile ilikuwa na kibanda chake cha nafaka, kilichosimama kwa miguu mifupi ya mbao, na juu ya kila mguu liliwekwa jiwe bapa la mviringo kama chapati. Jirani alikwishayapanga kando akidhani ni viti. Nikacheka, kwa sababu kwetu ghala la mahindi lina miguu hivyo hivyo, na kila mguu umevishwa bati kama mkono wa shati, ili panya akipanda ateleze arudi. Nikamwambia mzee. Akanitazama, mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Panya wenu ni wakubwa?"

"Wanajua kusoma," nikasema.

Akacheka hadi akakohoa. Mawe yale, hata hivyo, mwishowe yalikuwa viti. Hoteli ilitaka viti.

Jioni basi la kazi lilitushusha, nami nikapanda jingine mpaka International City, ambako nilikodi kitanda cha chini katika dabo-deka, kwenye chumba cha watu wa kila namna. Kitanda kilikuwa na pazia. Nyuma ya pazia nilikuwa na taa ndogo, soketi, ndoano ya suruali na picha ya mama. Hiyo ndiyo nyumba yangu niliyoishi kweli, nayo ilikuwa na upana wa mabega yangu. Nililala chali na kuwaza nyumba mbili zenye vyumba ambamo hakuna anayelala. Dada akatuma ujumbe mwingine. Safari hii alikuwa amejirekodi akitembea, nikasikia viatu vyake vya mpira vikinyonya tope la mtoni. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayebeba ndoo na bado hajafika.

"Fukusi wamekula nguzo za mbele. Ukigonga unatoka unga. Za jikoni tu ndizo nzima, sijui kwa nini. Nitazifanyia banda la nguruwe. Mdogo wangu, nipigie. Baba mdogo yupo, bado anasikia kidogo."

Nilijua kwa nini za jikoni zilikuwa nzima. Ni masizi. Mama alipika kwa kuni maisha yake yote, na juu ya mafiga baba alimtengenezea kichanja cha kuning'iniza mahindi ya mbegu, ili moshi uyafukize na wadudu wasiyaguse. Moshi ule ule ulizipaka mbao mpaka zikawa nyeusi na kung'aa kama lami. Hakuna mdudu anayekula ubao wa namna hiyo. Lakini mama mwenyewe aliona aibu kwa masizi. Nyumba yenye masizi yanayoning'inia ni nyumba isiyo na mwenyewe, alisema. Kila mgeni aliposikika anakuja, hasa wakati wa harusi au msiba, alifunga kitambaa kichwani, akachukua kisu kibutu, akakwangua mpaka pale mkono ulipofika. Kukwangua masizi ndiko kumpokea mtu.

Sikumpigia. Nilijiambia nitapiga Ijumaa.

Nadhani kwa sababu ya mama ndipo yakatokea yaliyotokea ghalani. Nyumba ya Wazungu ilikuwa imesimama tayari isipokuwa paa. Chumba kimoja kilikuwa jiko la zamani, na ukuta wake wa ndani ulikuwa umeshika masizi ya vizazi na vizazi, meusi, manene, yenye kunusa nyama ya kukaushwa. Mzee alikuwa amekwenda hotelini kupima ukumbi. Msimamizi alituambia, "Clean everything. Madam is coming." Madam alikuwa msanifu wa mkahawa, mwanamke mwenye haraka aliyetembea huku akiongea na simu mbili. Mimi na jirani tukatazamana.

"Hii jiko," alisema jirani, "ni aibu. Mkaguzi wa manispaa akiingia hapa hata mlango hautafunguliwa."

"Kwetu mgeni haingii nyumba ya hivi."

"Hata kwetu. Mathe angenichapa na mwiko."

Tulifanya kwa moyo safi. Hatukuambiwa kukwangua, tuliambiwa kusafisha, lakini kwetu sote wawili jiko lenye masizi husafishwa kwa njia moja. Tukatafuta vikwanguo vya rangi, sabuni kali ya kuondolea mafuta, brashi za waya. Tukafanya kazi kutwa. Maji meusi yalitiririka mpaka mlangoni. Jirani aliimba. Mimi nilifika juu kwa ngazi, pale ambapo mkono wa mama haukufika kamwe, na nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu nije nchi hii. Chini ya weusi ule mbao zilikuwa za rangi ya asali, mpya kabisa, kama ndiyo kwanza zimetoka kwenye msumeno wa baba. Harufu ya utomvu ikatoka. Baada ya miaka yote hiyo utomvu ulikuwa bado umo.

Mzee aliingia kesho yake asubuhi. Tulisimama kando ya ukuta wetu kama watu wanaosubiri pongezi. Akafika mlangoni, akakoma. Jirani akaacha kutabasamu kwanza, mimi baadaye.

"Nileteeni kiti," akasema.

Nikamletea kigoda chake. Akakaa mbele ya ukuta kwa muda mrefu. Akainuka, akaweka kiganja kwenye mbao, akakiacha hapo.

"Bibi yangu alizaliwa ndani ya chumba hiki," akasema. "Alizeeka humu, alikufa humu. Hakuwahi kuiona rangi hii." Kisha: "Mama yake pia hakuiona."

Sikujua kama anatushukuru au anatulaani. Nadhani na yeye hakujua.

Madam hakuwa na shaka yoyote. Aliingia, simu ikamshuka sikioni. "Where is my black wall?" Akaeleza kwamba tajiri wa hoteli alioneshwa picha ya ukuta ule, kwamba mwanga wa mkahawa umepangwa kwa ajili ya ukuta ule, kwamba weusi ule ndio uliokuwa nyumba, hayo mengine ni magogo tu. Msimamizi akatutazama kwa macho ya mtu anayetafuta watu wa kurudisha kwao. Jirani akaninong'oneza, "Bongo, tumekwisha. Anza kufunga begi."

Ni mzee aliyetuokoa. Alisema kwa ule uchovu wake kwamba ukuta utarudi kuwa mweusi, kwamba alipanga usafishwe ili auangalie nyufa, kwamba hao vijana wamefanya alichotaka. Alidanganya bila hata kupepesa. Madam akasema aone weusi kabla ya mwisho wa wiki, khalas, basi, akaondoka.

Sasa, mtu anarudishaje masizi? Moto ghalani ulikatazwa, mabomba ya maji yangefunguka kutoka darini. Rangi ya dukani mzee aliijaribu kwenye kipande, ikaonekana kama kiatu. Jirani ndiye aliyepata jibu. Alikuwa akiishi Satwa, juu ya mgahawa wenye shisha, na akaja na mfuko wa makaa yaliyobaki. Tukayatwanga na kuyachekecha, tukachanganya na mafuta ya kitani, tukapaka kwa vitambaa, tukisugua kwa mzunguko. Sisi watatu, kiganja kwa kiganja, tukauvisha ukuta weusi wake upya. Ilituchukua siku nyingi kuliko ile moja ya kuuvua.

"Ng'ombe walilala chini, bibi akakausha nyama juu," nilisema, "na sasa tunapaka makaa ya shisha."

"Ya tufaha," jirani alisema akinusa kitambaa. "Ama ni mnanaa."

Katika kupaka huko ndipo nilipomuuliza mzee swali nililokuwa nimelibeba tangu kontena la kwanza. Nani aliibomoa kule kwao? Akasema ni yeye. Alipigilia vile vibati vyote kwa mkono wake.

"Na ulimwomba nani ruhusa?"

Akaendelea kusugua. "Hapakuwa na mtu wa kumwomba," akasema. "Binamu alisema fanya unavyotaka. Padri alisema fanya unavyotaka. Nilizunguka kijiji kizima nikitafuta mtu wa kuniambia ndiyo au hapana. Hiyo ndiyo iliyonichosha. Kubomoa ni rahisi."

Nikamfikiria dada, anayekanyaga tope kwa viatu vya mpira, ambaye anaye mtu wa kumwomba, na mtu huyo ni mimi, na nimezima simu.

Sikumwambia mzee yote, lakini nilimwambia kwamba kwetu ipo nyumba ya mbao, ya paini, na kwamba labda inaweza kutengenezwa watalii walale, kama alivyofanya binamu yake. Ukweli ni kwamba hilo nilikuwa nimelijenga kichwani nyuma ya pazia langu kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nimeweka hata kibao barabarani. Nilijiona nimekaa barazani na koti zito, mwenye nyumba, napokea wageni wenye mabegi mgongoni.

"Nani anawasha moto?" mzee akauliza.

"Moto upi?"

"Wa jikoni. Kila siku."

"Hakuna. Mama alikufa."

"Basi ilianza kubomoka siku hiyo," akasema. "Nyumba ya mbao inaishi kwa moshi. Ukizima moto, umeng'oa ubao wa kwanza. Hao wengine wanamalizia tu."

Nyumba ikafunguliwa tena, ikapelekwa mjini, ikasimamishwa ndani ya ukumbi wa hoteli. Kwa kuwa mbao zilitoka kwenye joto la ghala zikaingia kwenye baridi kavu ya kiyoyozi, zilianza kupasuka kwa sauti. Wahudumu walishtuka kila zilipolia, tah, kama mtu aliyekanyaga kijiti. Mzee alisema zinajikalia tu, mwacheni atulie, kama vile ni mtu. Kisha viza yake ikaisha, akaondoka. Alinipa mkono, akaniachia kipimo chake cha mbao cha kukunja.

Nilirudi huko mara moja baada ya mkahawa kufunguliwa, kurekebisha mlango wa jikoni uliokuwa unagoma. Mvua za kwetu zilikuwa karibu, nilijua kwa kuhesabu miezi, si kwa anga la hapa ambalo halisemi kitu. Ndani kulikuwa na baridi hadi wageni walipewa blanketi. Dirishani waliweka kioo cha televisheni chenye theluji inayoanguka bila kufika chini. Watu walikaa juu ya mawe ya panya na kuchovya mkate. Nilipiga magoti penye bawaba, bisibisi mkononi, na nikaona wanavyofanya. Kila aliyepita kwenye ule ukuta mweusi aliugusa. Wote, bila kuambizana. Waliupapasa, kisha wakatazama ncha za vidole vyao.

Vidole vilikuwa safi. Madam aliagiza ukuta upakwe vanishi ngumu ili usichafue nguo za wageni.

Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko mlango ule ulivyohitaji. Jikoni kwa mama, ukiegemea ukuta unaondoka nao mgongoni. Tulikwenda kanisani na mabega meusi na watu wakajua tumetoka kwa nani. Hapa walikuwa wamekihifadhi kila kitu, kila gogo mahali pake, kila kona imeshikana, na nyumba ile haikuweza tena kumpaka mtu hata doa. Jibini ilinuka. Kwenye spika kulikuwa na sauti ya kengele za ng'ombe. Nilichoka ghafla, uchovu ule wa kutaka kukaa chini palepale ulipo.

Mhudumu mmoja aliniambia tayari wanazungumza kuibadilisha, jibini haiendi mwaka mzima. Huenda ikawa mahali pa shisha.

Ijumaa hiyo nilikwenda Satwa kupunguziwa suruali ya sare, maana nilikuwa nimepata kazi nyingine, ulinzi wa ghala jingine. Fundi cherehani, Mpakistani mwenye ndevu za hina, alinitoa nje kwa sababu ya wateja, nikasimama uchochoroni chini ya viyoyozi vinavyotema joto na matone. Nikampigia dada. Kwao ilikuwa bado asubuhi.

"Umekumbuka," akasema tu.

"Baba mdogo yupo?"

"Alikuwa anakunywa uji. Subiri niweke sauti kubwa." Nikasikia simu ikisuguliwa na kitambaa, upepo, mbuzi, kisha pumzi ya mzee. "Kijana wa Arabuni!" baba mdogo akapiga kelele, kama watu wa umri wake wanavyoongea na simu. "Umeshaoa Mwarabu?"

"Bado, baba."

"Fanya haraka, meno yatakwisha. Haya, dada yako anasema una neno."

Nilikuwa nimelipanga. Nilitaka kusema kuhusu mama, kuhusu baba na shimo la msumeno, kuhusu mambo niliyoyaona. Yakatoka maneno mawili.

"Nyumba ibomolewe," nikasema.

"Sijasikia. Kuna upepo."

"Anasema ibomolewe," dada akamwambia.

"Wewe si kitindamimba. Aseme yeye."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa, pale uchochoroni Satwa, mpaka fundi cherehani akachungulia mlangoni: "Mimi, kitindamimba, nasema nyumba ya baba na mama ibomolewe. Mbao zote ni za dada."

"Amesema," alisema baba mdogo. "Nimesikia kwa sikio langu zima."

Dada hakunishukuru. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo barabarani na bado hajageuka kuutazama. Halafu akasema, "Usikate," na nikasikia viatu vyake, na chuma kikiingizwa mahali, na msumari mrefu wa zamani ukilia ukitoka, sauti ambayo nyumba ile nyingine isingeweza kuitoa kwa sababu haikuwa na misumari. Kitu kizito kikaanguka kwenye nyasi.

"Ni ubao gani?" nikauliza.

"Wa jikoni. Ndio niliokuwa nao karibu." Akakohoa. "Ona sasa, umenichafua gauni lote."

"Banda la nguruwe utalikwangua masizi?"

"Nguruwe nao ni wageni?" akasema. "Nani ana muda huo?"

Baba mdogo alicheka kwa nyuma. Dada akasema anakata simu, anataka kuwahi kabla wingu halijafika. Nilibaki nimeishika sikioni baada ya kukatika. Nyuma yangu fundi cherehani aligonga kioo na mkasi wake, akainua suruali yangu juu ili niione.

"Khalas, my friend. Try."

Nikaingia kuijaribu. Ilikuwa bado pana kiunoni, lakini sikuwa na nguvu ya kumwambia aifumue tena.